Mwenye Msitu ni Nani?

Je, mtu aweza kumiliki msitu kama amilikivyo jembe au ng'ombe? Swali hili lilinijia nikiwa Uingereza, mwezi wa Oktoba, nilipokuwa miongoni mwa watu kumi na wawili walioongozwa kuutembelea msitu wa mtu binafsi.

Yalikuwa majira ambayo kamusi zetu huyaita vuli; jina la kuazima, maana vuli yetu ni mvua na machipukizi, na ile yao ni kupukutika. Kiongozi wetu aliokota jani la manjano, akatueleza kwamba rangi ile haikuja siku hiyo: ilikuwamo tangu awali, imefichwa na ukijani, na ukijani ulipovunjika ikaonekana. Kisha akatuonya tusiiache njia, kwani tumeingia kwa hisani ya mwenyewe.

Hisani! Neno hilo lilinichoma kuliko baridi. Sheria ya nchi ile ya mwaka 2000 iliwafungulia watembeaji milima na nyika, lakini misitu mingi ya watu binafsi ikabaki nje ya ruhusa hiyo. Nikamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyeandika mwaka 1958 kupinga ardhi kugeuzwa bidhaa. Na Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini.

Hata hivyo, tusijisifu upesi. Wamijikenda wa pwani ya Kenya nao hawamwachi mgeni ajiingilie kayani bila mzee. Basi mzee wa kaya na mwenye msitu wana tofauti gani, iwapo wote wawili husimama langoni? Nadhani ni hii: mwiko wa kaya humfunga mzee kwanza. Mti anaomkataza mgeni kuukata, yeye pia haukati. Mwenye msitu wa Uingereza, ingawa naye huhitaji kibali cha serikali kabla ya kukata miti mingi, aweza kesho kuuuza wote, ndege na vivuli pamoja, na mnunuzi akalifunga lango.

Lakini haki yataka niseme: miti ile ilikuwa mikubwa na mizima kwa sababu kuna aliyeitunza. Nami nimeona misitu ya umma iliyobaki visiki, kila mmoja akidhani mlinzi ni mwenzake.

Tulipotoka, mwenyewe alikuwa langoni, mzee mwenye fimbo. Wenzangu wakamshukuru mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilimpa mkono, nikasema ahsante. Na mfukoni nilikuwa na kokwa ya mwaloni, ambayo sikumwomba.