Nani Angoje Fedha ya Serikali?

Kijana mmoja, fundi wa plasta na sakafu, alitujia hivi karibuni na karatasi nne mkononi. Miaka kumi na mmoja ametumika chini ya wengine. Sasa ataka kusimama peke yake. Amekwisha kuandikisha jina la biashara, amepata namba ya mlipa kodi, na ameingia katika daftari la Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, katika daraja la saba, yaani la chini kabisa. Karatasi zile zilikuwa mkataba wake wa kwanza. Mkandarasi mkubwa amepata zabuni ya Serikali ya kujenga madarasa ya sekondari, naye kijana apewe sehemu ya plasta na sakafu. Hakuja kutuuliza habari za bei. Alikuja kwa ajili ya mstari mmoja ulioandikwa karibu na mwisho, kwamba atalipwa pale tu mkandarasi mkuu atakapokuwa amelipwa na Serikali. Aliuliza, "Je, ni halali nitie sahihi?"

Kwanza yafaa tuone fedha yenyewe hupita wapi. Kazi ikifanyika hupimwa. Mhandisi mshauri huandika hati ya kuthibitisha kiasi kilichotimia. Hati huenda kwa ofisi iliyotoa kazi. Ofisi nayo hungojea fedha itoke Hazina. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, yanayotumika sana katika kazi kubwa za ujenzi duniani, humpa mwenye kazi siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai. Hizo ni siku za kwenye karatasi. Aliyekaa karibu na kazi za Serikali ajua kwamba siku za kweli zaweza kuwa miezi, na pengine mwaka wa fedha hufungwa kabla hati haijafika mezani pa mwenye kalamu. Tena sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka muda wa kuangalia kasoro za jengo umekwisha. Si lazima pawe na mwizi katika haya yote. Yaweza kuwa ni uzito tu wa gari kubwa.

Lakini kijana yule hatapiga plasta peke yake. Atawaita mafundi wenzake, na vibarua wa kuchekecha mchanga, kuchanganya saruji na kubeba maji. Na desturi ya saiti zetu twaijua: kibarua hutazamia ujira wake jioni, au mwisho wa juma. Basi mstari ule ukishatiwa sahihi, kungoja kwa mkandarasi mkuu kwawa kungoja kwa kijana, naye Jumamosi atasimama mbele ya watu wake aseme, "Vumilieni, ndugu zangu, nasi hatujalipwa." Kungoja huteremka kama maji mpaka bondeni, na huko bondeni ndiko aliko mtu asiye na akiba hata ya unga wa kesho.

Wako watakaomtetea kijana, nao hawakosi sababu. Watasema: amenyimwa na yeye, atatoa wapi? Hakuna awezaye kudaiwa lisilowezekana. Naam, siku ile ya Jumamosi huenda kweli hana kitu. Lakini kosa, kama lipo, halikutendeka Jumamosi. Lilitendeka siku alipowaita watu kazini hali ajua kwamba hana fedha ya kuwalipa, wala hajui ataipata lini, asiwaambie neno. Yeye aliukubali mstari ule kwa hiari, kwa tumaini la faida. Kibarua hakuuona. Aliuza siku yake kwa bei ya siku, pasipo sehemu ya faida. Kwa haki gani basi abebeshwe sehemu ya hatari? Torati iliagiza kibarua maskini apewe ujira kabla jua halijachwa, na Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alihesabu kumdhulumu mtu ujira wake miongoni mwa makosa mazito mno.

Hapa kijana alitukatiza, na neno lake lilitukaa moyoni. "Mkisema hivyo," alisema, "basi aanze tajiri peke yake. Mimi nikingoja mpaka niwe na fedha ya kulipa watu miezi mitatu, nitazeeka na mwiko mkononi." Ni kweli, wala hatupendi kusema kwamba maskini asianze. Ila si lazima aanze na jengo zima. Aweza kuomba sehemu ndogo. Aweza kudai kwamba saruji na mchanga vitolewe na mkandarasi mkuu, yeye apatane juu ya ufundi tu, ili akiba yake ndogo iwe ya ujira na isiishie dukani. Na iwapo hana budi kuwaomba watu wake wangoje pamoja naye, awaambie tangu siku ya kwanza, awaoneshe mkataba, kisha wagawane faida kama washirika. Kumfanya mtu mshirika katika shida, halafu kibarua katika faida, huo ndio udhalimu tunaoukataa.

Wala tusimlaumu mdogo peke yake. Mkandarasi mkuu ana nguvu ya kukopa benki, mdogo hana. Waingereza walilitambua jambo hili, na sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1996 ikabatilisha masharti ya namna ile, isipokuwa pale mlipaji wa juu amefilisika. Hata hivyo dawa haikutosha: Januari 2018 kampuni ya Carillion, iliyokuwa na kazi nyingi za Serikali yao, ilianguka ikidaiwa kiasi cha pauni bilioni 2 na watu na makampuni 30,000 hivi, wengi wao wadogo. Na Serikali yoyote ikichelewa kulipa, huwa imekopa kwa wanyonge pasipo kuwauliza. Afadhali ingekopa benki, ambako riba huandikwa na kila mtu huiona.

Kabla hajaondoka tulimwuliza ana fedha ya kulipa watu wangapi, kwa majuma mangapi. Alihesabu juu ya bahasha. Watu wanne, majuma sita. Kazi ile yataka watu kumi na watano. Siku ya pili alikwenda kwa mkandarasi akaomba apewe vyumba viwili tu vya walimu, na saruji itoke stoo ya mkandarasi mwenyewe. Mpaka tunaandika haya bado hajajibiwa.