Hodi Mara Tatu

Kimya siku hizi kina bei, na bei yake inajulikana. AirPods Pro za toleo la pili zilipoingia sokoni mwaka 2022 ziliuzwa dola 249 za Marekani. Sony WF-1000XM5, zilizotoka mwaka uliofuata, zilianzia karibu dola 300. Ukibadilisha kwa shilingi unapata kodi ya chumba cha mwanafunzi kwa miezi minne, na hapo bado hujalipia usafirishaji. Kariakoo kuna za kufanana nazo kwa shilingi elfu ishirini, zenye kikasha cheupe kile kile, nazo zinacheza muziki vizuri tu. Ambacho hizo za elfu ishirini hazikupi sawasawa ndicho kinachozifanya za ghali ziwe ghali: uwezo wa kuizima dunia.

Mimi nina hizo za Apple. Ni zawadi ya dada yangu anayefanya kazi Doha, na kwa miezi saba sasa nimezitumia na iPhone yangu ya mtumba. Nimezivaa kwenye daladala kutoka Tabata kwenda chuoni, nimezivaa maktaba, nimezivaa usiku nikiandika tasnifu yangu ya uzamili huku baa ya nyuma ya nyumba ikishindana na mkesha wa kanisa la jirani. Ni kitu kizuri, na nitalisema hilo waziwazi. Ila kila ninapozivaa linanijia swali ambalo wanaotathmini vifaa hivi hawaligusi, kwa sababu halipimiki kwa saa za betri. Ninapojifanya kiziwi kwa hiari katikati ya watu, kuna mtu ninayemkosea?

Tuanze na umbo. Kila kipande kina uzito wa gramu 5.3, na baada ya dakika kumi unasahau kwamba kipo. Ncha za silikoni zinakuja kwa saizi nne, na ukipata yako sikio linazibika bila kuuma. Kuna matundu madogo ya kupunguza ule mgandamizo unaouhisi ukiziba masikio kwa vidole. Kishina unakibinya kusimamisha wimbo, unakipapasa juu au chini kuongeza na kupunguza sauti. Kikasha hufunga kwa mlio mdogo unaokufanya ukifungue tena bila sababu. Betri inadumu hadi saa 6, na pamoja na kikasha unafika saa 30.

Kasoro kubwa imefichwa ndani. Betri zimegandishwa kwa gundi, na iFixit, ambao hufumua vifaa ili kupima urahisi wa kuvitengeneza, wamewahi kuzipa AirPods Pro alama sifuri kati ya kumi. Fundi wa simu niliyemwonyesha zangu alizigeuza mara mbili akanirudishia. "Hii haifunguliwi, dada," alisema. "Hii inavunjwa." Maana yake kimya chako ni cha kupanga. Betri ikichoka, mkataba umekwisha.

Sauti yake ni safi. Besi ina uzito bila kuvimba, na mwimbaji anakaa mbele, karibu na uso wako. Nilizipima kwa taarab, kwa kuwa ndio muziki niliokulia. Katika rekodi za Culture Musical Club ya Unguja nilisikia kila uzi wa kanuni unavyodonolewa, nikasikia fidla zinavyojiandaa kabla ya kiitikio. Sijawahi kuisikia taarab kwa ukaribu huo ukumbini, maana ukumbini kuna vigelegele, kuna viti vinavyoburutwa, kuna mama anayekupita akicheza taratibu na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji. Masikioni mwangu vyote hivyo havikuwapo. Hapo nikatambua kwamba mpasho ukiusikiliza peke yako unapoteza makali. Unamhitaji aliyepashwa awepo, ageuke, na sisi wengine tumwone akigeuka. Spika zilinipa sauti yote ya wimbo na kuniondolea nusu ya wimbo.

Kuhusu kuzima kelele, wazo lenyewe si geni. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa ajili ya kuua sauti kwa sauti: wimbi la sauti likikutana na wimbi lililo kinyume chake, yanafutana. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Ulaya kurudi Marekani, alikerwa na ngurumo ya injini iliyomharibia muziki kwenye hedifoni, akaanza kupiga hesabu humo humo angani. Kampuni yake ilianza kuwauzia marubani hedifoni za aina hiyo mwaka 1989. Leo maikrofoni ndogo ndani ya spika zinaisikia kelele, na chipu inaunda kinyume chake papo hapo.

Asili hiyo ya ndegeni bado inaonekana. Teknolojia hii inazimudu vizuri sauti nzito zisizobadilika, kama injini ya daladala, feni au jenereta. Sauti ya binadamu, inayopanda na kushuka bila taarifa, inaisumbua zaidi. Ukizivaa bila muziki, injini inafifia lakini konda unaendelea kumsikia kwa mbali akiita Ubungo, Ubungo. Ukitaka kumfuta na yeye, inabidi mwenyewe uongeze wimbo. Mashine inashughulika na mashine mwenzake. Mtu tunamfuta sisi.

Waundaji wanajua kwamba mvaaji atahitaji kurudi kwa watu, ndiyo maana wameweka milango. Upo mpangilio unaopitisha sauti za nje. Upo mwingine, ulioongezwa mwaka 2023, unaoshusha muziki wenyewe pale unapoanza kuongea, na Sony nao wana wa kwao unaofanana nao. Niliupenda sana mpangilio huu hadi nilipoangalia nani anaufungua. Nikiongea mimi, mlango unafunguka. Ukinisemesha wewe, haufunguki. Ni mlango wenye kitasa upande mmoja.

Sisi tuna adabu ya zamani kuhusu milango, nayo ni hodi. Anayekuja husimama nje na kuita. Aliye ndani akisema karibu, mgeni anaingia. Wazee wa pwani hufundisha kwamba ukibisha mara tatu bila kujibiwa unaondoka, tena bila kununa, maana mwenye nyumba ana mambo yake. Ndani ya adabu hiyo zimo haki mbili. Wa nje ana haki ya kuita, na wa ndani ana haki ya kutofungua. Wanaowalaumu vijana kwa kutoitikia salamu husahau haki ya pili. Wanaozitetea spika husahau ya kwanza.

Kuna wakati hata watengenezaji waliiwaza ile ya kwanza. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja. Ilikuwa pia na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki ulishuka na maikrofoni ikafunguka, mkaweza kuzungumza bila kuvua chochote. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, alisimulia baadaye kwamba alihofia ingeonekana utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake. Wateja hawakuwa na hofu hiyo. Kila mmoja alitaka cha kwake, na miaka michache baadaye kitufe kile kiliondolewa.

Najua jibu la wenzangu, hasa wasichana, kwa sababu ni jibu langu pia. Kutoka kituoni hadi nyumbani napita vijiwe vitatu. Kuna siku navaa spika bila kucheza chochote, ili tu nisilazimike kumjibu anayeniita "mrembo", kisha "wewe", kisha neno ambalo sitaliandika hapa. Ukiniambia kwamba utu unanidai nimsikie huyo, nitakuambia hujawahi kupita pale. Wito ule si hodi. Anayebisha mara kumi na kuutukana mlango usipofunguliwa hakuja kama mgeni. Tena kuna hoja ya afya. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wanahatarisha masikio yao kwa usikilizaji usio salama, na anayezima kelele za nje hahitaji kufungulia muziki kwa sauti ya juu ili kuzishinda. Sijutii kuzivaa.

Lakini ulinzi huo una gharama, na anayeulipia si lazima awe mvaaji. Nchi yetu ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC imewahi kuzifungia baa kwa kuzikiuka. Kanuni hizo zinafanya kazi pale tu watu wanapolalamika. Mtaani kwetu iliandikwa barua kwa serikali ya mtaa kuhusu ile baa. Walioweka saini wengi ni wale wasio na njia nyingine: mama lishe anayeamka saa tisa usiku, mlinzi anayelala mchana, mwalimu mwenye kichanga. Wenye viyoyozi na madirisha ya kufunga hawakuonekana. Mimi niliweka saini nikiwa na kikasha mfukoni, na nilielewa kwa nini wenzangu wenye vikasha hawakuona haraka. Tuliyaona haya kwenye maji. Mwenye uwezo akishachimba kisima chake, bomba la mtaa linapoteza msemaji. Yule msichana wa vijiweni naye ni hivyo hivyo. Mji unaomuuzia spika badala ya kuwakanya wanaume wale umemhamishia yeye mzigo, kisha ukamdai fedha ya kuubeba.

Nyumbani kwetu yupo mtu ambaye kimya hakukinunua. Bibi yangu alihamia kwetu kutoka Pangani miaka minne iliyopita, na masikio yake yalianza kuchoka kabla ya miguu. "Sauti naisikia, mjukuu wangu," huniambia, "maneno ndiyo siyapati." Shangazi zangu walianza kwa kupaza sauti. Kisha wakafupisha habari. Kisha wakawa wanamwambia yale ya lazima tu. Misiba aliambiwa. Utani hakuambiwa, kwa sababu utani ukirudiwa mara tatu haucheki mtu. Nilijifunza kwake kwamba asiyesikia hukosa sauti kwanza, halafu hukosa kuambiwa, na hilo la pili ndilo linalomzeesha.

Septemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha programu inayozigeuza AirPods Pro hizi kuwa shime-sikio kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani wa kusikia. Mimi sikuitumia hiyo. Niliurekebisha tu ule mpangilio wa kupitisha sauti za nje ili uzikuze, nikamvika bibi barazani. Alinyamaza kidogo.

"Kumbe jogoo wa jirani bado yu hai," alisema.

Alikaa nazo kama saa moja. Alisikia vijiko vya uani, alisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe, akamsikia mama akinisema na akacheka kwa wakati wake, pamoja na sisi. Halafu baa ikaanza kujaribu spika zake. Bibi akakunja uso. "Ndivyo mnavyoishi hivi?" Alizitoa mwenyewe, akazirudisha kwenye kikasha. "Nitazivaa watu wakija."

Niliyachukua maneno hayo nikalala nayo. Sisi wa rika langu pia tunazivaa watu wakija. Kifaa ni kile kile, sentensi ni ile ile, na nia zimepeana mgongo. Bibi hakuniambia kwamba kimya ni kibaya. Alikirudia kwa hiari, tena haraka, mara tu alipoionja kelele yetu. Alichokataa ni kimya kinachomtenga na mtu anayemjia.

Katika Kiswahili, ambacho ndicho ninachosomea, kusikia hakuishii masikioni. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Kusikia kunatujia tu. Kusikiliza ni kazi, mtu anaamua kuifanya. Na watu wawili wakifanyiana kazi hiyo tunasema wanasikilizana, neno ambalo pia lina maana ya kuelewana. Wasiosikilizana wanaweza kuwa wanasikia vizuri kabisa. Kwa hiyo sidhani kwamba spika ndizo zilizotuharibu. Baraza la nyumbani kwetu lilikuwa limeacha kumsikiliza bibi kabla sijapokea mzigo kutoka Doha.

Jibu langu kwa swali langu, basi, ni hili. Haki ya kufunga mlango ninayo, na sitaomba radhi kwa kuitumia pale kijiweni. Haki ya kuishi bila mlango, kwa namna ambayo hata anayenihitaji hana mahali pa kubisha, sina. Ningependa watengenezaji wakirudishe kile kitufe cha rangi ya chungwa, safari hii kiwekwe upande wa nje. Hadi hapo watakapofanya hivyo, kazi ya kitufe inabaki kwetu. Nyumbani navaa sikio moja. Mtu akinikaribia mdomo wake ukisogea, natoa hilo pia kabla sijamuuliza alisema nini.

Betri zitachoka mwaka kesho au wa keshokutwa, na fundi ameshasema. Bibi ana miaka 82. Kwa sasa tunagawana: yeye ana ncha zake ndogo, mimi zangu za kati, zote zimo kwenye kifuko kimoja kando ya kikasha. Asubuhi ni zangu, nina tasnifu ya kumaliza. Jioni, wageni wakianza kubisha hodi, ni zake.