Mwindaji, Ngitili na Amana ya Pori

Katika mapori ya akiba ya nchi yetu huingia mgeni mwenye leseni na bunduki. Amelipa fedha nyingi ili aue nyati au simba, wala hakusukumwa na njaa. Watetezi wake humwita mhifadhi. Mwanakijiji wa jirani akimwua mnyama wa namna ile ile bila kibali, huitwa jangili. Je, yawezekana tendo moja liwe uhifadhi mkononi mwa huyu na uhalifu mkononi mwa yule?

Historia ya Shinyanga yatuonya tusijibu kwa haraka. Wasukuma walikuwa na vyama vya wawindaji, kama kile cha Bununguli, cha wawinda nungunungu, mnyama mharibifu wa mashamba. Mwindaji wa chama hakuwa mtu wa kujiendea tu. Nyuma yake palikuwa na jamii iliyomfunza na iliyonufaika na kazi yake. Kisha ukaja utawala wa Mwingereza, uliojitwalia mamlaka ya kuamua nani awinde na nani asiwinde. Lakini katika miaka ya 1940, kituo cha utafiti wa mbung'o cha utawala huo huo, hapo hapo Shinyanga, kiliendesha jaribio la kuwaua wanyama kwa maelfu ili mbung'o wakose damu ya kunywa. Basi kibali cha serikali peke yake hakimfanyi mwuaji kuwa mlinzi.

Hata hivyo, haki yataka tuusikilize upande wa mwindaji. Pori la Akiba la Maswa, lililokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012, lapakana na Serengeti. Mwindaji akilipa ada, pori hupata fedha za ulinzi, na ardhi hubaki pori badala ya kugeuzwa shamba. Tena mnyama si kama dhahabu ya Geita. Dhahabu ikichimbwa haizai. Shimo hubaki shimo. Nyati huzaa, na madume wachache wakichukuliwa kwa mgawo uliopimwa vema, kundi halipungukiwi. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Lakini je, mwenyeji amepona? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori katika nyanda zake za malisho walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 68. Sisi Watanzania, baada ya kuufunga uwindaji mwaka 1973, tuliufungua tena mwaka 1978. Nasi pia, kati ya mwaka 2009 na 2014, tembo wetu walishuka kutoka zaidi ya 109,000 hadi takriban 43,000, kwa sababu ya ujangili. Yaani marufuku peke yake haikulinda, na leseni peke yake haikulinda. Pori halilindwi na karatasi iwapo jirani yake halioni kuwa lake.

Fundisho hili wazee wa Usukumani walikuwa nalo katika ngitili. Mfugaji hutenga sehemu ya malisho wakati wa masika, akaizuia mifugo isiiguse, kisha akaifungua kiangazi kinapokaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulipoiheshimu desturi hiyo, nchi iliyokuwa jangwa ilirudisha miti na majani. Mwenye ngitili hula majani yake, wala hakuna amwitaye adui wa majani. Sababu ni mbili: hujizuia kwanza, na atakayeumia ngitili ikiharibika ni yeye mwenyewe.

Hiyo ndiyo mizani ya kumpimia mwindaji. Akichukua kwa kiasi, hesabu zake zikiwa wazi, na sehemu ya haki ya malipo yake ikamfikia mkulima ambaye tembo humlia mahindi usiku, anastahili kuitwa msaidizi wa uhifadhi. Akipita juu ya kichwa cha mwanakijiji, ni mnunuzi wa nyara tu, hata akilipa dhahabu yote ya Geita. Nasi tusimtwike mgeni mzigo usio wake: fedha yake yaweza kumlipa askari mshahara, lakini haiwezi kupenda pori kwa niaba yetu. Amana hii ni yetu, na wa kuitolea hesabu mbele ya watoto wetu ni sisi.