Jiwe Linaloitwa Kenya

Kuna jiwe angani linaitwa Kenya. Usicheke. Namba yake ni 1278, na linazunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii pamoja na mamilioni ya mawe mengine. Cyril Jackson aliligundua akiwa Johannesburg, Juni 1933. Mwezi huohuo akapata jingine, akaliita Uganda. Mwaka 1937 akaongeza Mombasa na Pemba. Manze, huyu jamaa ni kama alikuwa na ramani ya Afrika mezani.

Nilisoma haya kwa simu saa nane usiku nikitafuta kitu kingine kabisa, na swali likanikatalia usingizi: nani ana haki ya kukuita jina?

Huko angani kuna utaratibu. Unapiga picha za nyota, unazilinganisha, unaona nukta moja imesogea. Lakini hulipi jiwe jina papo hapo. Linafuatwa kwanza, njia yake inapigiwa hesabu hadi ijulikane vizuri, ndipo linapewa namba. Jina huja baadaye: mgunduzi anapendekeza, kamati ya wanaastronomia wa kimataifa inaidhinisha. Yaani ujulikane kwanza, ndio uitwe.

Sasa shuka chini. Mwaka huohuo wa 1933, katika koloni la Kenya, mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye namba na alama za vidole, ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikining'iniza shingoni. Nimejaribu kutenganisha namba hizo mbili, na si rahisi. Zote ni za kumfuata mtu au kitu kisipotee. Tofauti ni kwamba jiwe halina mahali linataka kwenda.

Mimi pia nilikuwa na namba, ya usajili chuoni. Karo iliponishinda mwaka wa pili, nikatolewa kwenye orodha. Hadi leo mama huwaambia majirani mimi ni "yule wangu wa chuo." Sijui kama ananiheshimu au ananificha.

Utasema jiwe halijali linaitwaje. Kweli. Lakini angalia namba 1197, ambalo Jackson alilipata 1931 na likaitwa Rhodesia. Huku chini watu walipigana, wakafa, na mwaka 1980 nchi ikawa Zimbabwe. Kule juu jiwe bado ni Rhodesia. Ningekuwa kwenye ile kamati, ningelibadilisha kesho asubuhi, sheria zao zikae kando. Kenya ningeiacha. Hilo nalo lilikuwa jina la koloni, matamshi ya wageni ya jina la mlima ambao wenyeji walishauita kwa lugha zao. Ila hili tuliliitikia. Tumelipigia kelele uwanjani, tumelilaani kwenye foleni ya kitambulisho, tumelifanya letu. Rhodesia wenyewe waliikataa. Kwangu mimi, haki iko kwa anayeitikia, si kwa aliyeona kwanza.

Najua shida ya hoja hii: kuna majina mtu huitikia kwa sababu amechoka kukataa.

Jumapili mama alinipigia. Jirani alikuwa hapo karibu, nikamsikia mama akimpa simu: "Hebu msalimie yule wangu wa chuo."

"Shikamoo mama," nikasema.