Je, Kuogopa ni Kukosa Imani?



Tangu mapigano ya Desemba 2013 na yale ya Julai 2016 hapa Juba, wengi wetu Hai Mauna tukisikia kishindo usiku, hata kama ni bati tu limepigwa na upepo, moyo huenda mbio. Asubuhi tukiulizwa hali, tunajibu, "Tu wazima kwa neema." Tunaona haya kusema tuliogopa, hasa sisi wanaume.

Lakini Eliya, aliyeomba moto ukashuka Karmeli, alimkimbia Yezebeli akatamani kufa (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika mara mbili na chakula na maji. Maswali yalikuja baadaye, naye Eliya akaeleza yote yaliyokuwa moyoni. Ndipo akatumwa tena kazini.

Hata Bwana Yesu, pale Gethsemane, aliwaambia wanafunzi watatu huzuni yake, akawaomba wakeshe naye.

Hofu tunayoificha haiondoki. Hugeuka ukali kwa mke na fimbo kwa watoto. Haya tunayaona nyumbani mwetu. Basi mtoto akiuliza usiku, "Baba, nawe unaogopa?" tumjibu ndiyo, kisha tuketi naye mpaka alale.