Haki ya Aliyenyamaza

Kungoja jibu kuna mpaka gani? Katika maisha swali hili twalikwepa; katika mitambo hapana budi mtu aandike mpaka huo kwa tarakimu, na kwa hiyo nataka kulitazama huko.

Katika viwanda vingi, vipimo vya joto na viendesha pampu huzungumza kwa itifaki iitwayo Modbus, iliyotungwa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Waya mmoja huunganisha vifaa vingi. Mmoja huuliza, wengine hujibu, wala hakuna anenaye asipoulizwa. (Muulizaji aliitwa bwana na waulizwa watumwa hadi mwaka 2020, shirika la Modbus lilipoyaacha maneno hayo, mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sababu.)

Kimya cha waulizwa ni fumbo. Kifaa kilichokufa hunyamaza. Kilichopokea swali lililoharibika njiani hunyamaza pia, maana ndivyo kilivyoamriwa. Na kilichojibu vema, jibu likapotea, kwa muulizaji ni kimya kile kile. Mpiga hodi yumo katika hali hiyo: baada ya hodi ya tatu adabu yamtaka aondoke, walakini haimwambii kama mwenyeji amesafiri, amelala au hataki wageni. Muda ukiisha, basi, muulizaji hajajua kitu, ameamua tu.

Uamuzi huo waweza kudhulumu. Muulizaji akiwa na haraka, kifaa kizito hujibu wakati swali jingine limekwisha kutumwa. Ujumbe wa Modbus katika waya huo hauna namba ya swali, kwa hiyo jibu la joto laweza kupokewa kuwa ni la shinikizo. Ukweli uliochelewa umegeuka uongo, na kosa si la msemaji.

Akiwa na subira nyingi, gharama hailipi yeye. Tuseme vifaa 30 hujibu kila kimoja kwa milisekunde 50: mzunguko mzima ni sekunde 1.5. Kimoja kikifa, naye akakiuliza mara tatu na kungoja sekunde 1 kila mara, mzunguko wafika karibu sekunde 4.5. Vifaa 29 vizima vimetozwa subira ambayo havikuiahidi, na huenda katika kimojawapo shinikizo linapanda. Twasifu subira kana kwamba daima ni mali ya mwenye kusubiri. Hapa ametumia mali ya wenzake. Fundi mwema hamfuti aliyenyamaza, wala hamsimamishii msafara: humweka kando, akamwuliza mara moja kwa dakika, mpaka aitike.

Katika mtandao hali ni ngumu zaidi, kwani upande mmoja wa kiungo ukikatikiwa umeme, wa pili waweza kuendelea kuamini kwamba wangali pamoja. Kanuni za intaneti za mwaka 1989 zaagiza kwamba uchunguzi wa kiungo kilichonyamaza, usipopangiwa muda mwingine, usianze kabla ya saa 2 kupita. Tanuri haliwezi kungoja hivyo.

Lililo zito kuliko yote ni amri. Kuuliza joto mara mbili hakudhuru mtu. Lakini amri ya kuongeza lita 5 za dawa katika tangi la maji, ikitimizwa na jibu likapotea, kisha ikarudiwa, watu watakunywa maji yenye lita 10. Afadhali kuamuru hali itakiwayo kuliko hatua: "valvu ifungwe" hurudiwa bila hatari, "valvu igeuzwe" haiwezekani. Na pale ambapo hatua haiepukiki, muulizaji asome kwanza kipimo cha dawa iliyokwisha kumiminwa, ndipo afungue kinywa tena.