Baiskeli ya Bonge

Mtu wa kilo 112 akipanda bodaboda pale Mwanjelwa, hakuna anayegeuka. Akipanda daladala ya Uyole, konda atawaomba tu abiria wasogee kidogo. Lakini mtu huyohuyo akipanda baiskeli, mtaa mzima unakuwa na maoni. "Bonge, utaiua hiyo!" "Shuka bwana, inalia!" Kilo hizo ni zangu, na maneno hayo nimeyasikia Mbeya na nimeyasikia Iringa. Hayajanikosesha usingizi. Yameniachia swali tu, na naona ni swali la maadili kabla halijawa la vyuma: mtu mzito, asiye na haraka, achague baiskeli ya mwili alionao leo, au ya mwili anaojiahidi kuwa nao mwakani?

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni huu: "Punguza kwanza, ndio ununue." Husemwa kwa upendo, tena na shangazi au rafiki wa kweli. Ila hebu tuutazame vizuri. Unachukulia kwamba kuna raha ambazo lazima mtu azistahili kwanza, na kwamba mwili mnene ni deni: lipa, halafu uje uishi. Shida ni kwamba wengi tunaokaa kwenye foleni hiyo hatufiki dirishani. Mwaka unapita, presha inapanda, baiskeli haijanunuliwa.

Sasa tuangalie jambo ambalo kila mkazi wa Nyanda za Juu Kusini amelishuhudia. Baiskeli ya Phoenix, ile nyeusi ya Kichina yenye gia moja, hubeba mkaa, viazi, mbao, kreti za soda, na mama aliyekaa upande na mtoto mgongoni. Gunia la mahindi lina kilo 100 hivi, na linapakiwa kwenye keria nyuma ya mwendeshaji ambaye naye ana kilo zake. Sijawahi kusikia mtu akiliambia gunia lipungue kwanza. Fundi anaongeza nondo kwenye keria, mzigo unafungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, safari inaanza.

Kwa hiyo kilo zenyewe hazichekeshi. Kinachochekesha ni kilo zisizo na kazi. Gunia linakwenda sokoni. Bonge anakwenda wapi? Na kama ana mshahara, kwa nini asinunue gari? Kwetu baiskeli imebaki kuwa chombo cha shida, na mtu mzima anayeipanda kwa kupenda tu anaonekana kama anaigiza. Mnene akiipanda, tunaona vichekesho viwili kwa nauli moja.

Waliobuni Phoenix na wenzake hawakuwa na muda wa vichekesho hivyo. Umbo lake limetokana na baiskeli za Kiingereza za kina Raleigh wa Nottingham, na katika umbo hilo la zamani gurudumu la mbele lina spoku 32, la nyuma 40. Nane za ziada zimewekwa nyuma kwa sababu uzito unakaa nyuma. Mtu aliuliza kwanza, "Itabeba nini?", ndipo akahesabu spoku. Huo kwangu ni mfano mdogo wa heshima: kukipokea kitu kama kilivyo, bila kukihukumu, kisha kukitengenezea pa kukaa.

Ila Phoenix inashindwa na milima yetu. Mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 5 hivi, jambo zuri sana kwenye tambarare za Usangu, lakini si pale unapotoka Ipogolo, kwenye daraja la Ruaha Mdogo, kupanda Iringa mjini. Pale karibu kila mtu anashuka na kusukuma, mwembamba kwa mnene. Hapo ndipo mtu anaanza kufikiria baiskeli ya milimani, yenye gia.

Na historia ya baiskeli hiyo inafurahisha. Picha za matangazo hutuonyesha kijana mkavu kama fito akiruka mawe. Lakini ilizaliwa kwenye kaunti ya Marin, California, miaka ya 1970, pale vijana kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walipochukua baiskeli kuukuu za matairi manene, nzito kwelikweli, wakazipandisha mlimani, nyingine kwa kusukuma au kwa gari, ili washuke nazo. Mashindano yao yaliyoanza 1976 yaliitwa Repack, kwa sababu grisi ya breki ya nyuma iliungua kwenye mteremko na ilibidi ijazwe upya. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, na biashara ikaenea duniani. Chuma kizito, tairi nene, na breki zinazopata moto: huko ndiko ilikotoka. Bonge hajavamia nyumba ya watu.

Basi achague nini? Nitapita haraka kwenye mengine, ila breki zinataka maelezo. Mtu na baiskeli yake wakifika kilo 130, kila mita 100 wanazoshuka kwa kwenda chini wana nishati ya kutosha kuchemsha maji ya vikombe viwili vya chai. Anayeshuka kwa kasi, upepo unabeba sehemu kubwa ya joto hilo. Anayeshuka taratibu huku ameshika breki, karibu lote linaingia kwenye breki. Maana yake mtu mzito na wa polepole ndiye anayehitaji breki nzuri kuliko kijana wa kwenye tangazo, wakati duka linampa zile za bei ya chini kwa hoja kwamba "wewe si mtu wa mbio." Kwenye barabara ya Chunya au ya Tukuyu, hoja hiyo inaweza kumuua mtu. Breki za diski, tena zenye diski kubwa, kwake si mapambo.

Mengine yanafuata mantiki hiyohiyo. Magurudumu yenye spoku 36, au 32 zilizokazwa na fundi anayejua kazi. Tairi pana, inchi 2.2 kwenda juu. Gia ndogo kabisa: meno 22 mbele na 34 nyuma yanakusogeza mita 1.3 hivi kwa mzunguko, kwa hiyo unapanda mlima mwendo wa mtu anayetembea huku miguu ikizunguka kwa raha. Foku ngumu ya chuma ni bora kuliko foku ya springi ya bei poa, ambayo chini ya mtu mzito inazama na kubaki imezama. Pia usisahau kikomo cha uzito: watengenezaji kadhaa wakubwa huandika kilo 136 kwa mtu, baiskeli na mzigo kwa pamoja. Na kulipia sana ili baiskeli ipungue kilo 2 ni kujidanganya. Kwenye jumla ya kilo 130 hizo mbili hazifiki asilimia 2.

Aristotle, kwenye kitabu chake cha maadili, anatoa mfano wa chakula cha wanamichezo. Kiasi ambacho ni kidogo kwa Milo, yule mpiga mieleka maarufu, ni kingi kwa anayeanza mazoezi leo. Kwa hiyo kiasi sahihi, anasema, hakipatikani kwa kugawa katikati namba mbili. Kinapimwa kwa kumtazama mhusika. Mfano huo husomwa kama somo la kujizuia. Mimi nausoma pia kama somo la ukweli. Huwezi kupata kiasi chako kama unaona aibu kutaja ulipo.

Najua pingamizi lake. Daktari hakosei anaposema kilo 112 zinachosha moyo na magoti. Je, kutafuta baiskeli inayomfaa mnene si kuubembeleza unene? Naiheshimu hoja hii, na sitaki kujifanya kwamba chuma kizuri kinafuta ushauri wa hospitali. Lakini baiskeli inayokatika spoku wiki ya pili inamrudisha mtu kwenye kochi, na safari hii akiwa na ushahidi kwamba "haikuwa saizi yake." Inayomhimili inampa Jumamosi nyingine, na nyingine. Kama kilo zitapungua, sawa. Kama hazitapungua, bado ameona ukungu ukipanda kutoka bondeni, na ameitikia "kamwene" ya kila mzee aliyempita njiani Iringa. Hizo ni faida kamili hata mizani isiposema kitu.

Kuna pingamizi la pili, zito zaidi: pesa. Breki za diski na magurudumu imara si bei ya kila mtu, hata kwa mtumba. Hapo sina jibu la kifalsafa. Nina la mafundi wa pembeni ya barabara: fremu ya chuma iliyotumika, na pesa iliyobaki iende kwenye magurudumu na breki. Rangi na springi zisubiri.

Tunapenda kusema pole pole ndio mwendo. Tunasema pia kawia ufike. Halafu anayekwenda polepole kweli, akihema mlimani, tunampigia honi. Labda methali zetu tumeziandikia wengine, watu fulani wa mfano wasio na jasho.

Kwa hiyo ukienda dukani, au kwa fundi, usianze na bei wala rangi. Anza kwa kutaja kilo zako, kwa sauti ya kawaida, kama unavyotaja namba ya kiatu. Ukitajiwa baiskeli huku umechekwa, nenda duka la pili. Ukikutana na anayenyamaza, anainama na kuanza kuhesabu spoku, hapo kaa.